Goti la Mama na safari ya Naivasha

Hebu leo nikupeleke Naivasha, mwendo wa kilomita 90 hivi kutoka jijini Nairobi. Usitarajie habari za viboko wa ziwani wala samaki wa kukaangwa. Safari hii macho yangu yalikuwa ndani ya gari.

Chanzo cha yote ni goti la mama yangu. Kwa mwaka mzima hakuwa amemwona dada yake anayeishi Naivasha, na sababu haikuwa nauli. Mara ya mwisho tulipofika steji, matatu ya abiria 14 ilikuwa imengoja mlango wazi, makanga akipiga bodi kwa kiganja. Mama aliinua mguu, goti likakataa. Akatafuta mahali pa kushika asipate, ila ukingo wa kiti uliochanika. “Mathe, panda twende!” makanga akahimiza, si kwa ubaya, maana kazi yake ni haraka. Mama akarudisha mguu chini, akasema amekumbuka ana shughuli nyumbani. Hakuwa na shughuli yoyote.

Ndiposa Jumamosi moja nikaazima gari la shemeji yangu, Toyota Noah iliyoletwa kutoka Japan ikiwa imekwisha kutumika huko.

Sakafu ya gari hilo iko chini, na kando ya mlango wa nyuma kuna kishikio kirefu kilichosimama wima. Urefu huo una maana: mtoto hushika chini, mtu mzima hushika juu. Mama alikikamata kwa mikono miwili, akajivuta, akaketi. Kisha akatazama huku na huku, akatundika kiondo chake cha sukari na majani ya chai kwenye ndoano ndogo iliyo mgongoni mwa kiti cha mbele. Hakuna aliyemwonyesha ndoano hiyo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelipanda gari hilo mara kadhaa na sikuwa nimeiona.

Hata hivyo, usidhani kwamba waliolibuni walikuwa wakimfikiria mama yangu. Nilipowasha injini, sauti nyororo ya mwanamke ilitusemesha kwa Kijapani, ikiuliza habari za kadi ya kulipia barabara za kwao. “Asante, mama,” akaitikia Mama kwa heshima. Redio nayo ilitutenga. Masafa ya FM ya Japan huanzia megahazi 76, na redio nyingi za magari ya huko hukomea 90, ilhali stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Bila kile kidude ambacho mafundi wetu hukiita konvata, utapata stesheni moja au mbili tu, tena zile usizozitaka. Bahati yetu ni kwamba Wajapani nao huendesha upande wa kushoto wa barabara, la sivyo hata usukani ungekuwa wa watu wengine.

Karibu na Limuru ukungu ulitanda, na kioo cha nyuma kikafumba kwa pumzi zetu. Bila shaka umeziona zile nyuzi nyembamba zinazopita kwenye kioo cha nyuma cha gari. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni urembo. Kumbe ni waya za kupasha kioo moto! Nilibonyeza swichi yenye picha ya mawimbi matatu, na baada ya dakika chache kioo kikaanza kusafika, mstari baada ya mstari.

Tulipofika Rironi tuliacha barabara kuu, tukashika ile iteremkayo kuelekea Mai Mahiu. Bonde la Ufa likafunguka upande wetu wa kushoto, na Mlima Longonot wenye urefu wa mita 2,776 ukajitokeza mbele. Barabara hii ilijengwa na mateka wa vita Waitaliano, na mwaka wa 1942 wakajenga pia kanisa dogo mno kando yake, chini ya mteremko. Mama aliomba tusimame. Alishuka peke yake kwa kushika kile kishikio, akaingia kanisani, akakaa humo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Katika miaka yote ya kupita hapo kwa matatu, alikuwa hajawahi kulikanyaga.

Mjini Naivasha niliingia kituo cha mafuta, na hapo nikatatizika. Tundu la kutilia mafuta liko upande gani? Gari la kuazima lina siri zake, na nyuma yangu pikipiki mbili na pikapu zilikuwa zikipiga honi. Nikatazama geji ya mafuta. Kando ya kile kipicha cha pampu palikuwa na mshale mdogo kama punje ya mchele, umeelekea kushoto. Nikaenda kushoto kana kwamba nilijua tangu zamani.

Mshale huo una historia yake. Mwaka wa 1986, Jim Moylan, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Ford nchini Marekani, alichukua gari la ofisi ambalo hakulizoea, akalisimamisha upande usiofaa wa pampu, akalowa kwa mvua. Aliporudi aliandika waraka mfupi kwa wakubwa wake akipendekeza mshale uwekwe kwenye dashibodi. Magari ya kwanza ya Ford yenye mshale huo yalitoka kama ya mwaka wa 1989, na leo hii umeenea kwa watengenezaji wengine duniani. Aliyelowa ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuandika waraka ukasomwa. Nilijiuliza: je, mama yangu angemwandikia nani?

Dada hao wawili walikutana kwa vifijo na machozi, nami sitayasimulia hapa. Tuliondoka usiku umeingia.

Wiki iliyofuata nilimweleza jirani yetu mwenye matatu. Nilimkumbusha kwamba Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikiwa ipasavyo na vyombo vya usafiri wa umma. Akacheka, akasema Katiba haijawahi kulipa nauli. Lakini alipokumbuka kuwa mama yake mwenyewe huketi mbele na dereva kwa sababu hiyohiyo, alinyamaza kidogo, kisha akaniambia twende Grogan.

Grogan ni ile Barabara ya Kirinyaga, ambayo wenyeji wa Nairobi wamekataa katakata kuiacha na jina lake jipya. Hapo utapata kila kitu cha gari, na kelele za nyundo juu yake. Fundi mmoja alisikiliza, akachuchumaa mlangoni, akapima kwa shubiri. Jirani alihofia kwamba kidato cha kudumu kingekwanguliwa na matuta ya mtaani. Fundi akapendekeza cha kukunja kwa bawaba, makanga akishushe kwa mguu. Kishikio alikikata kutoka bomba la chuma, akalainisha ncha zake kwa msasa na kukichomelea kando ya mlango, kirefu na wima kama nilivyomchorea.

Mama alikijaribu Jumapili baada ya ibada. Makanga alishusha kidato, akanyosha mkono kumsaidia. Mama hakuushika mkono huo. Alishika chuma, akapanda, akaketi kiti cha pili dirishani, akatoa noti ya shilingi mia mbili na kumwambia makanga asisahau chenji yake.