Jina Langu Halikuwemo

Ndugu msomaji, karibu barazani kwetu Kikwajuni nikusimulie aibu iliyonipata siku ya Jumapili, tarehe 31 Oktoba 2010. Naiita aibu kwa sababu sikufanyiwa na mtu. Niliisuka kwa mikono yangu mwenyewe, kama mtu asukavyo ukili, mpaka ikawa mkeka nikaulalia.

Siku ile Unguja na Pemba zilikuwa zikimchagua Rais wa Zanzibar, Wawakilishi na madiwani, pamoja na Rais wa Jamhuri ya Muungano na Wabunge. Miezi mitatu nyuma, tarehe 31 Julai, ilikuwa imepigwa kura ya maoni, na theluthi mbili hivi ya waliopiga wakakubali iundwe Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Basi sisi tuliozoea kuuona mwezi wa uchaguzi kuwa ni mwezi wa kununua unga mapema na kufunga milango mapema, safari ile tulitoka majumbani na nyuso kunjufu. Mama yangu, ambaye umri wake ulikuwa miaka 75, aliamka kabla ya adhana ya alfajiri. Alivaa buibui lake la kutokea, akakaa kitandani na mkoba mapajani, akinisubiri kama mtoto anayesubiri kupelekwa Mnazi Mmoja siku ya Sikukuu.

Yafaa nikueleze kwa nini bibi wa umri ule alikuwa na haraka namna ile. Uchaguzi wa kwanza wa Zanzibar ulifanyika mwezi wa Julai 1957, kwa viti sita tu vya Baraza la Kutunga Sheria, na waliopiga kura walikuwa wanaume peke yao, tena wale waliotimiza masharti ya umri na ya mali au elimu. Ng'ambo yetu hii ilimchagua Abeid Amani Karume. Marehemu babu yangu alipiga kura siku ile, na bibi yangu akampikia chai, na hapo ndipo ulipokoma uchaguzi kwa upande wa wanawake. Ilipofika tarehe 17 Januari 1961, wanawake nao wakaruhusiwa. Mama, ambaye alikuwa amesoma madarasa machache ya skuli, alikwenda pamoja na dada yake mkubwa, wakiwa wameshikana mikono njia nzima. Alikuwa akituhadithia kwamba penseli ilimtetemeka mkononi kwa kuogopa kukosea, na kwamba alipotoka nje alimwona baba yake amesimama upande wa pili wa njia, hakuja kumpiga kura mtu, amekuja kumtazama bintiye.

Uchaguzi huo wa Januari 1961 una kisa ambacho mama hakuchoka kukirudia. Kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa tofauti ya kura moja. Kura moja, ndugu msomaji! Na kwa kura hiyo Afro-Shirazi ilifikisha viti 10, Hizbu ikawa na 9, na ZPPP ikawa na 3. Wale watatu wa ZPPP nao wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, pande zote mbili zikawa 11 kwa 11, serikali isiweze kuundwa. Ikabidi uchaguzi urudiwe mwezi wa Juni mwaka huo huo, na fujo zilizofuata ziliwaua watu 68. Mama alikuwa akisema kwamba mtu mmoja wa Chake Chake, ambaye labda siku ile aliumwa na tumbo akabaki nyumbani, angebadili mambo yote hayo bila ya mwenyewe kujua. Sijui kama hesabu za siasa huenda kwa wepesi huo, lakini hesabu za kura huenda.

Tuirudie ile Jumapili. Tulifika kituoni, katika skuli ya jirani, kukiwa bado na umande. Mama alipewa nafasi ya mbele kwa ajili ya umri wake, na mimi nikamshika mkono mpaka mezani. Jina lake likaonekana mara moja. Kisha nikatoa shahada yangu ya kupigia kura, nikaiweka mezani kwa mkono wa mtu mwenye uhakika. Kijana aliyekuwa akilisoma daftari alipitisha rula mstari mmoja baada ya mwengine, akarudi nyuma, akapitisha tena.

"Mama," akaniambia kwa adabu, "jina lako halimo humu. Hii shahada yako ni ya Fuoni."

Nilimjibu kwamba mimi nimezaliwa Kikwajuni, nyumba ya tatu kutoka pale, na kwamba hata yeye mwenyewe baba yake ananijua. Hakubisha. Alisema anaamini, ila hana ruhusa ya kumpa karatasi mtu ambaye daftari halimtaji. Nyuma yangu watu walianza kukohoa. Nikatoka nje na uso umenishuka.

Kosa langu lilikuwa hili. Niliolewa Fuoni nikakaa huko miaka zaidi ya 20, na ni huko nilikoandikishwa lilipoanzishwa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, kabla ya uchaguzi wa mwaka 2005. Mume wangu alipofariki, na nilipokwisha kutoka eda, nikarudi Kikwajuni mwishoni mwa mwaka 2009 kumtunza mama. Nilihamisha kabati, kitanda, cherehani na kuku wanne. Jina sikulihamisha, wala sikuuliza kama laweza kuhamishwa. Siku ya kura ya maoni mama alikuwa amelazwa hospitali nami sikuondoka ubavuni pake, kwa hiyo hata pale sikupata nafasi ya kuligundua kosa. Nilidhani kwamba shahada ni shahada, kama noti ya shilingi, inapokewa kila duka.

Hata ningeuliza, ningejibiwa kwamba bado sina haki ya kuandikishwa Kikwajuni. Kwa miaka mingi sheria ya uchaguzi ya Zanzibar imemtaka mpiga kura awe amekaa katika jimbo kwa miezi 36 mfululizo, nami nilikuwa na miezi 11 tu. Kuzaliwa mahali hakuhesabiwi. Kuzikwa kitovu hakuhesabiwi. Kinachotazamwa ni mahali unapolala. Lakini ningejibiwa pia jambo la pili, ambalo lingeniokoa: kwamba jina langu liko salama Fuoni, na siku ya kura nirudi huko huko.

Nilimrudisha mama nyumbani, nikampikia, nikangoja alale. Hapo ndipo akili iliponijia kwamba siku bado haijesha. Nikaenda Darajani kutafuta gari ya Fuoni, na ninyi mnajua gari za siku ya uchaguzi zilivyo: madereva nao wamekwenda kupiga kura. Nilipofika, saa ya kufunga ilikuwa imekwisha pita, na askari alikuwa amesimama nyuma ya mtu wa mwisho katika mstari. Aliyekuwa mbele yake ni bwana mmoja muuza samaki tuliyejuana. Alinitazama kwa huruma, akataka kunisogezea nafasi. Askari akatikisa kichwa, na alikuwa na haki.

Matokeo yalipotangazwa, Dokta Ali Mohamed Shein alikuwa amepata asilimia 50.1 na Maalim Seif Sharif Hamad asilimia 49.1. Tofauti yao katika visiwa vyote haikufika kura 4,000. Sikuambii nilitaka kumpa nani kura yangu, hilo ni langu na Mola wangu. Nakuambia kwamba kwa wiki nzima mama alinitazama kama mtu aliyepoteza funguo za nyumba.

Neno moja alilonisemea lilinichoma kuliko mengine. "Mwanangu," alisema, "miaka mingapi tulikaa bila ya kuitwa?" Alikuwa akiikumbuka ile miaka baada ya uchaguzi wa Julai 1963 na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, ambapo Zanzibar haikuchagua viongozi wake wenyewe kwa kura mpaka mwaka 1980. Kura yangu ya kwanza mimi niliipiga mwaka 1985, katika zama za chama kimoja, alipokuwa akigombea Sheikh Idris Abdul Wakil peke yake. Mpiga kura alikubali au alikataa, basi. Na waliokataa hawakuwa haba, kwani alipata chini ya asilimia 60. Ukumbi unaoitwa kwa jina lake uko hapa hapa Kikwajuni, na kila nipitapo hapo huikumbuka karatasi ile.

Sitaki nikudanganye kwamba kura Zanzibar imekuwa safari ya mahaba matupu. Mwaka 1995 wagombea wawili walipishana kwa asilimia isiyofika hata nusu. Mwaka 2000 uchaguzi ulirudiwa katika majimbo 16, na Januari 2001 damu ilimwagika. Mwaka 2015 matokeo ya tarehe 25 Oktoba yalifutwa, tukarudi vituoni tarehe 20 Machi 2016, na wengine wakakataa kurudi. Hilo Daftari la Kudumu lenyewe ni mtoto wa ugomvi: lilitokana na Muafaka wa Oktoba 2001 baina ya CCM na CUF, kwa sababu kila upande ulikuwa ukiutuhumu mwengine kwamba unaingiza wageni na kuwatoa wenyeji. Nami nasema, daftari lililoandikwa vizuri ndilo linaloondoa tuhuma, na halitaandikwa vizuri ikiwa watu kama mimi tunahama na makabati tu.

Sasa niruhusu nikutajie yale niliyojifunza kwa gharama ya kura yangu. Anayeandikishwa awe Mzanzibari aliyetimiza miaka 18, na aende mwenyewe, kwa sababu picha na alama za vidole hazichukuliwi kwa niaba. Aende na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Hicho ndicho ufunguo, na asiyekuwa nacho asingoje mwaka wa uchaguzi kukitafuta, maana huko nako kuna mstari na kuna cheti cha kuzaliwa kinachotakiwa. Ajitambulishe mapema kwa sheha wa shehia anayoishi, hasa akiwa ni mpangaji au mgeni wa mtaa. Sheha hawezi kumjua mtu anayetoka alfajiri kwenda kazini na kurudi usiku kulala.

Kisha daftari hubandikwa hadharani ili watu wakague majina yao, na mwenye pingamizi aitoe. Hapa ndipo wengi wetu tunapolala. Tunaandikishwa kwa vishindo, tunapiga picha tukiwa tumevaa nguo nzuri, halafu hakuna anayerudi kutazama kama Khamisi hakuandikwa Khatibu. Dakika tano za ukutani ni bora kuliko saa nzima ya kugombana na kijana mwenye rula.

Na ujue kwamba Mzanzibari hupewa karatasi tano. Tatu ni za Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, kwa Rais wa Zanzibar, Mwakilishi na Diwani. Mbili ni za Tume ya Muungano, ambayo tangu mwaka 2024 inaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, kwa Rais wa Jamhuri na Mbunge. Kijana wa Bara anayefanya kazi katika hoteli za Nungwi, asiyetimiza masharti ya daftari la Zanzibar, anaweza kuandikishwa kwa zile mbili tu. Nimeshuhudia ugomvi mrefu barazani juu ya jambo hili dogo, watu wakidhani kwamba mmoja amenyimwa na mwengine amependelewa.

Mama alifariki mwaka 2014. Niliipeleka habari ya kifo chake ili jina lake liondolewe, na nakiri kwamba hilo lilinitoa machozi zaidi kuliko siku ya tanga. Shahada yake ingali katika sanduku langu, chini ya kanga zake.

Uchaguzi wa Oktoba 2025 umepita, na huo ujao ni wa mwaka 2030. Utasema ni mbali. Wiki iliyopita alikuja binti yangu, ambaye amehamia Bububu kwa mumewe. Kabla sijammiminia chai nikamwuliza jina lake liko wapi. Akacheka, akasema liko Kikwajuni, kwani litakwenda wapi? Nikamteremshia kalenda ukutani, tukahesabu pamoja: miezi 36 kurudi nyuma kutoka Oktoba 2030 yatufikisha Oktoba 2027, na kwa kuwa uandikishaji hufanywa mapema kuliko siku ya kura, inampasa awe ametulia Bububu kabla ya hapo, la sivyo afunge safari ya kuja kwetu siku ya uchaguzi, alfajiri, kabla gari hazijaadimika.

Aliacha kucheka. Akaomba penseli, akaiandika tarehe aliyohamia nyuma ya mlango wa kabati, pale pale bibi yake alipozoea kuandika hesabu ya deni la maziwa.