Zamu ya Ngama

Wapo wadhanio kuwa utamaduni wa taifa ni ngoma na mavazi ya sherehe tu. Mimi sehemu yangu kubwa niliipata ndani ya banduru ya jahazi, nikifua maji machafu kwa upo, katika delta ya mto Rufiji. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka 1986, nangoja matokeo, na mama akanikabidhi kwa kaka yake aliyekuwa nahodha.

Msomaji asiyepata kuiona delta ile na aifikirie hivi: mto utokao bara hugawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini, mkabala wa kisiwa cha Mafia, na kila mkono umezungukwa na misitu ya mikoko. Humo ndani upepo hauna nguvu. Chombo hupanda na maji kujaa, hushuka na maji kupwa. Mkondo unapochoka, mabaharia hushika pondo. Tulipakia boriti, na wakati wa mavuno mpunga. Usiku ni mbu na moshi. Jiko letu lilikuwa sanduku la mbao lililojazwa mchanga, mafiga matatu juu yake, na moto haukuachwa bila mtu hata mara moja.

Kazi za chombo hazina mwisho. Wakati wa bamvua tulikipweleza mchangani, tukakitegemeza kwa magadi, na kabla maji hayajarudi ilitupasa tukwangue uchafu ulioganda, tukibabue kwa moto wa makuti, kisha tukipake deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, ili wadudu watoboao mbao wasipate mlango. Mbao za juu zilipakwa sifa, mafuta ya ini la papa, ambayo harufu yake nadhani ilinifuata hadi katika ofisi yangu ya kwanza. Nyufa baina ya mbao zilitiwa kalafati: pamba iliyochovywa mafuta, ikashindiliwa kwa chembeu na nyundo. Mjomba aliisikiliza nyundo kama mwalimu asikilizavyo vina. Pigo lililolia wazi aliamuru lirudiwe.

Sitaki kuficha kosa langu. Usiku mmoja, tumetia nanga, zamu ya ngama ilikuwa yangu. Nililala. Alfajiri maji yalikuwa yamepanda na kuulowesha mpunga wa akina mama wawili wa kijiji cha juu, jasho lao la msimu mzima. Mabaharia walinyamaza, na kimya kile kilinichoma kuliko matusi. Mjomba hakunipiga. Alitandaza tanga ukingoni, akasema, “Wewe ndiye utakayeuanika, na wewe ndiye utakayewaeleza wenyewe.”

Nilianika siku mbili, nikifukuza ndege. Magunia matatu hayakufaa tena. Fidia yake ilitoka katika fungu la mjomba, maana mimi mwanagenzi sikuwa na fungu. Safari iliyofuata niliwaendea wale mama, nikawaamkia, kisha ulimi ukakwama. Mkubwa wao akauliza tu, “Ulilala, mwanangu?”

“Ndiyo, mama, nililala.”

Katika utumishi wangu serikalini nimepitisha hati nyingi za hasara. Zimeandikwa kwa maneno marefu yasiyo na mtu ndani yake: mali iliharibika, maji yaliingia. Sijaona hata moja isemayo: nililala.

Baada ya siku ile mjomba alinifunza kuonja ngama. Karibu na mlango wa bahari, maji matamu ni ya mvua, na ya chumvi yamepenya mbao. Juu mtoni kipimo hicho hakifai, kwani mto wenyewe ni mtamu. Huna budi ushuke na taa, upapase mshono mmoja mmoja kwa vidole. Ndivyo tulivyoupata ufa wetu, chini kabisa ya shehena, mwembamba usiofika upana wa ukucha. Mjomba akasogeza taa, akanipa chembeu.