Bei Kapatana Nani?

Mwaka 2015 kampuni ya Amazon ilianza kuuza Marekani kitufe kidogo cha kubandikwa kwenye mashine ya kufulia au kabatini. Sabuni ikikaribia kwisha, mwenye nyumba alikibonyeza mara moja. Agizo likapita kwenye intaneti na mzigo ukafika mlangoni. Baadaye hata kubonyeza kukaonekana taabu. Zikaja mashine zinazojipima zenyewe na kujiagizia, fedha zikakatwa kwenye kadi.

Ndugu yetu aliyeko ng'ambo alipomsimulia mama habari hizi kwa simu, kwa furaha tele, mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza: "Na bei, mwanangu, kapatana nani?"

Tulicheka. Lakini swali lenyewe ni zito. Tangu utotoni tumefunzwa chuoni kwamba mauziano ni ridhaa ya pande mbili, na kwamba bei sharti ijulikane. Wala si sisi pekee tuonao hivyo. Januari 2019 mahakama mjini Munich, Ujerumani, iliamua kwamba kitufe kile kilivunja sheria, kwa kuwa mnunuzi alikibonyeza pasipo kuonyeshwa bei wala maelezo ya bidhaa. (Mahakimu wale hawakupata kumjua mama.) Mwaka huohuo Amazon iliacha kuviuza, na tarehe 31 Agosti vyote vikakoma kufanya kazi. Wazo lake, hata hivyo, lingali hai.

Tazama printa za HP. Aliyejiunga na mpango wa wino wa kampuni hiyo hana haja ya kuagiza. Printa hutoa habari wino unapopungua, na mwingine huletwa. Ila akijitoa katika mpango, wino ule hukataa kuchapisha hata kama ungali umejaa. Printa imo nyumbani mwake, juu ya meza yake, nayo yamtii mwingine.

Linalotukera zaidi ni kwamba vyombo hivi huhesabu kila upungufu kuwa kasoro ya kuzibwa upesi. Nyumba zetu haziendi hivyo. Mwezi wa karo, mama hanunui mche mzima wa sabuni; hukata shauri la kununua kipande, nasi twajua kwamba nguo za shule ndizo zitakazofuliwa kwanza. Ramadhani ikikaribia, unga na sukari huongezwa kwa ajili ya futari ya nyumbani na sahani ya jirani, hata kama kopo halijafika nusu. Na wiki ambayo mwenye duka katwambia kwa upole kwamba daftari la deni limejaa, twaacha kuagiza kabisa, twatumia kilichopo. Mashine ingeona kopo tupu, ikaagiza, na karo ingekatwa pamoja na sabuni kabla yeyote kati yetu hajaamka kwenda kusali alfajiri.