Moteri Ndogo na Magurudumu Yake ya Meno

Watoto wa Kongo ni mafundi wa motokari. Huko Lubumbashi, Bukavu, Kisangani, na katika vijiji vingi, mtoto huokota vipande vya waya, huvikunja, huvifunga, na kabla jua halijatua motokari yake iko njiani. Magurudumu ni vifuniko vya chupa, au viatu vya zamani vya mpira vilivyokatwa mviringo. Usukani ni waya mrefu unaofika mpaka mkononi. Motokari hiyo haina shida ya mafuta, kwa sababu moteri yake ni miguu ya mwenyewe.

Siku hizi fundi mdogo wa namna hiyo huokota pia kichezeo cha plastiki kilichovunjika. Hukifungua, na ndani yake hukuta moteri ya kweli, ndogo kama kidole gumba. Huitoa. Vile vigurudumu vya meno vilivyokuwa karibu nayo huvitupa, maana haoni faida yake. Kisha huunganisha moteri na mawe mawili ya tochi. Moteri yalia: nzzz! Wenzake washangilia. Atia gurudumu kwenye mhimili wake, aiweka motokari chini, na motokari haiendi. Akiinua juu, gurudumu lazunguka hata halionekani. Akiiweka chini, kimya. Aongeza jiwe la tatu, na la nne. Baada ya kitambo kidogo pana harufu ya kitu kinachoungua, na ile moteri hailii tena, hata hewani.

Hasara hiyo si ndogo. Moteri ya kuokota haipatikani kila siku, na ya kununua yataka franka. Tena moteri ile haikuwa mbovu, wala mawe ya tochi hayakuwa mabaya. Ilipewa kazi isiyoiweza peke yake, na wasaidizi wake walikuwa wamelala kwenye takataka.

Tazameni kwanza ndani ya moteri. Ni moteri ya umeme wa mawe ya tochi, yaani umeme uendao upande mmoja tu. Katika kibati chake mna sumaku mbili zilizokaa ukutani. Katikati mna chuma kilichozungushiwa uzi mwembamba wa shaba, na uzi huo umepakwa rangi ngumu ili umeme usiruke kutoka uzi hadi uzi. Shaba ni madini yale yale yanayochimbwa Katanga, kule Kolwezi na Likasi. Umeme ukipita katika uzi, chuma kile chageuka sumaku. Sumaku zavutana na kusukumana, na mhimili wazunguka. Vijiti viwili vya kugusa hubadili njia ya umeme kadiri mhimili unavyozunguka, ili usifike mahali ukatulia. Hayo tu. Hakuna uchawi ndani.

Moteri ya namna hiyo huzunguka mara elfu nyingi kwa dakika. Mbio inazo. Nguvu ya kusukuma ndiyo haina.

Fikirini mfuko wa mahindi wa kilo 48 ulio mlangoni, nao watakiwa kufika ghalani. Mtoto wa miaka saba hawezi kuuinua. Aweza kuuvuta, kulia, kukasirika; mfuko hautoki. Lakini mama yake ampa kibakuli kinachochukua kilo moja. Mtoto apeleka kilo moja, arudi mbio; apeleka ya pili, arudi. Baada ya safari 48 mahindi yote yamefika. Nguvu ya mtoto haikuongezeka hata kidogo. Amelipa kwa miguu. Moteri ndogo ni mtoto yule, na magurudumu ya meno ndiyo kibakuli.

Yafanyaje kazi? Gurudumu dogo lenye meno 8 likishikana na kubwa lenye meno 32, dogo lazunguka mara 4 ndipo kubwa lazunguka mara 1. Mwendo umegawanywa kwa 4, na nguvu ya kuzungusha imezidi karibu mara 4. Sasa juu ya mhimili wa lile kubwa pawekwe dogo lingine, nalo lishikane na kubwa la pili, tuseme mara 3. Kisha la tatu, mara 4 tena. Hesabu yake: 4 × 3 × 4 = 48. Fundi husema moteri hiyo ni ya moja kwa 48. Neno «karibu» lisisahauliwe. Kila safari ya kibakuli punje chache huanguka njiani, na kila meno yakisuguana nguvu kidogo hupotea, ikawa joto na kelele. Tone dogo la mafuta hupunguza hasara hiyo, lakini haliimalizi.

Moteri inayojulikana sana kwa wanaojifunza kutengeneza motokari na roboti ndogo ni ile yenye sanduku la plastiki ya manjano. Meno yake yamo ndani ya sanduku hilo. Urefu wake ni milimita 70, na uzito wake gramu 30 hivi. Hutumia volti 3 mpaka 6. Kwa kawaida ni ya moja kwa 48. Ikipewa volti 6, nayo haina mzigo, mhimili wake wa nje huzunguka mara 200 hivi kwa dakika. Basi moteri iliyo ndani huzunguka mara 200 × 48, yaani 9 600.

Gurudumu linaloambatana nayo mara nyingi lina upana wa milimita 65. Likizunguka mara moja, lasogea sentimeta 20 hivi. Mara 200 ni mita 40 kwa dakika. Si mwendo wa kujivunia. Mama mwenye kapu la mihogo kichwani ataipita bila haraka. Sasa mtu aondoe meno yote, atie gurudumu lile lile kwenye mhimili wa moteri tupu. Mara 9 600 kwa sentimeta 20 ni mita 1 920 kwa dakika. Hiyo ni kilometa 115 kwa saa, kupita malori yote ya barabarani! Hesabu ni sahihi. Lakini motokari yenyewe haitasogea hata hatua moja, kama ile ya kwanza. Mbio zake zimo katika daftari tu.

Bado lile jambo la harufu ya kuungua. Kwa nini moteri iliyosimama iungue, na inayokimbia isiungue? Watu wengi hudhani kinyume. Wale wenye baiskeli wajua dinamo: ikizungushwa na gurudumu, hutoa umeme, na taa yawaka. Moteri ndogo ni ndugu ya dinamo. Inapozunguka, nayo hutoa umeme wake, na umeme huo husukumana na ule unaotoka katika mawe ya tochi. Kwa hiyo moteri inayokimbia hunywa kidogo. Ile ya manjano isiyo na mzigo hunywa miliampere 150 hivi. Ikizuiwa isizunguke, udinamo wake wafa. Hakuna tena wa kuuzuia umeme mlangoni. Waingia kwa wingi, na waweza kukaribia ampere moja, yaani miliampere 1 000. Joto nalo halifuati hesabu ya kawaida: umeme ukizidi mara 6, joto katika uzi huzidi mara 36. Rangi ya uzi yaungua, nyuzi za shaba zagusana, na mambo yamekwisha.

Kwa sababu hiyo fundi akiona gurudumu limekwama, hakimbilii kuongeza mawe. Hukata umeme kwanza. Kisha hutafuta: labda unywele umejifunga kwenye mhimili, labda jiwe dogo limeingia kati ya meno, labda waya wa motokari umepinda na kugusa gurudumu, au mzigo ni mwingi mno. Tena hugusa kibati cha moteri kwa kidole baada ya dakika chache za kazi. Kikiwa cha moto hata kidole chakimbia, moteri yaomba kupumzika.

Wengine huunganisha moteri na kibao cha kompyuta ndogo, kama ile Arduino iliyoanza Italia mwaka 2005. Kibao hicho chajua kuhesabu na kuamuru, lakini hakijui kubeba. Mguu wake mmoja hutoa kwa salama miliampere 20 hivi, na moteri yataka 150 hata kabla ya kupewa mzigo. Kwa hiyo kati yao huwekwa kifaa cha tatu, transista au saketi ya kuendeshea moteri, chenye kupokea amri kutoka kwa kibao na umeme kutoka kwa betri. Mwenye haraka huruka kifaa hicho, na siku hiyo hupoteza kibao, kilicho ghali kuliko moteri.

Mtu aweza kuuliza: kama meno yaleta nguvu, kwa nini yasiongezwe bila kikomo? Zipo moteri nyembamba zenye meno ya chuma, upana wake milimita 12 kwa 10 tu, na zauzwa kwa hesabu nyingi, toka moja kwa 5 mpaka moja kwa 1 000. Ile ya 1 000 ni kiumbe cha ajabu. Ndani moteri yaweza kuzunguka mara 30 000 kwa dakika, na nje mhimili huzunguka mara 30. Mtu akiuzuia mhimili huo, moteri haikubali kushindwa. Yaendelea kusukuma mpaka meno yake yenyewe yavunjike. Imepata nguvu kupita mifupa yake. Tena katika moteri zote hizi ni vibaya kushika gurudumu la nje na kulizungusha kwa mkono, kama watoto wapendavyo kufanya na motokari iliyozimwa. Kwa njia hiyo mkono wataka kuizungusha moteri mara 48, au mara 1 000, na meno yaliyo katikati ndiyo yanayoumia.

Kazi nyingi hazitaki mbio hata kidogo. Dirisha la motokari kubwa lenye kupandishwa kwa umeme hutumia moteri yenye kijiti cha mfano wa parafujo kinacholisukuma gurudumu la meno. Moteri huzunguka sana, kioo hupanda taratibu, na mtu akikisukuma chini kwa mkono hakishuki. Mwaka 2013 watu wa Kinshasa waliona roboti kubwa za aluminiamu zikisimama penye njia panda kuongoza motokari. Zilitengenezwa na mafundi Wakongo walioongozwa na mwanamke, Thérèse Izay, na zilipata umeme kutoka kwa jua. Mikono yake iliinuka, na kifua kiligeuka, kwa mwendo ambao dereva aliweza kuuona na kuutii. Mkono wenye mbio za moteri tupu ungemtisha kila mtu, wala usingemwongoza yeyote.

Basi fundi mdogo aliyepata moteri mbili za manjano aweza kuirudia motokari yake ya waya. Moteri moja kushoto, moja kulia, na mawe manne ya tochi nyuma. Auunganisha waya mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi, na kumbe! Motokari yazunguka pale pale kama mbwa anayetafuta mkia wake. Hapo hapana kilichoharibika. Moteri zimetazamana, kila moja yageukia upande wake, kwa hiyo gurudumu la kushoto lakwenda mbele na la kulia larudi nyuma. Hubadili nyaya mbili za moteri moja tu, mwekundu mahali pa mweusi, kwa sababu umeme huu ukigeuzwa njia, na mhimili hugeuka. Sasa motokari yakwenda mbele moja kwa moja. Au tuseme, karibu moja kwa moja. Moteri mbili hazifanani kabisa hata zikitoka katika mfuko mmoja, na motokari nyingi za namna hii hupinda kidogo kidogo mpaka zifike ukutani.