Mashine ya kuchomelea iliyosomwa kwenye matanga

Mwezi huu vikundi vitatu vimeniomba jambo moja. Kimoja ni cha Muleba, viwili vya Bukoba Vijijini, na vyote vinataka kufungua karakana ya pamoja. Ombi lao ni hili: "Bwana shamba, tutumie katiba kwa WhatsApp, tutabadilisha jina tu."

Nimewakatalia wote watatu, na najua kuna wanaosema nimeanza kuringa. Ngoja niwaeleze. Karakana ya kwanza niliyoisaidia kuandika kanuni ilikaribia kuvunja undugu wa watu, na aliyeandika karatasi ile ni mimi.

Ilikuwa baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016. Mnakumbuka hali ilivyokuwa, nyumba zimepasuka kuanzia Bukoba mjini hadi vijijini, na kila mtu anatafuta fundi. Katika kijiji kimoja cha Muleba ninachokifahamu vizuri, watu 18 waliungana, na wahisani wakawapa vifaa: mashine ya kuchomelea, grainda, drili, jiliwa mbili, randa, misumeno, na mashine ya mkono ya kufyatulia matofali ya kufungamana. Makubaliano ya mdomo yalikuwa mazuri. Vifaa ni vya watu wote. Mwenye toroli bovu aje, mama wa dagaa anayetaka kutengeneza fremu za vichanja aje, kijana anayetaka kujifunza kuchomelea aje. Atachangia kidogo, na mchango huo utatunza vifaa. Hakuna wa kutajirika pale.

Wazo hili si la kigeni. Arusha iko Twende, karakana ambako watu wa kawaida hujifunza kubuni na kutengeneza zana zao wenyewe. Na sisi wa huku tusijidharau: pale Katuruka, Maruku, wataalamu wa mambo ya kale wamechimba mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za miaka kama 2,000 iliyopita. Buhaya ilijua moto na nyundo zamani sana. Tatizo letu lilikuwa makaratasi.

Walitakiwa kuwa na katiba ili wasajiliwe halmashauri, na siku zilikuwa zimebaki chache. Nilikuwa na katiba ya kikundi cha kuweka na kukopa kwenye kompyuta. Nikafuta jina la zamani, nikaweka jipya, nikachapa, wakasaini. Nilijiona nimefanya kazi ya maana, tena bure.

Katiba ile ilikuwa na vifungu viwili ambavyo kwa kikundi cha kukopeshana havina shida. Kimoja kilisema mali za kikundi zitakuwa chini ya mweka hazina. Cha pili kilisema faida itagawanywa kwa wanachama kila Desemba. Hakuna aliyevisoma kwa sauti, hata mimi.

Stoo ya kikundi haikuwa na umeme. Nyumba ya mweka hazina ilikuwa barabarani na ina LUKU, kwa hiyo mashine ya kuchomelea ikawekwa kwenye kibanda chake. Alikuwa mzee wa heshima, mkimya, tukimwita Ta kama tunavyowaita watu wazima huku kwetu. Akaitunza. Waya ulipoungua, alinunua mwingine Bukoba kwa hela yake. Desemba ilipofika, wanachama walidai mgao wao, maana katiba iliwapa, na sanduku likabaki tupu. Januari kitu kikiharibika, Ta anaingia mfukoni tena. Mke wake ndiye aliyekuwa akinunua umeme. Ilikwenda hivyo miaka minne, na kila mtu alisema karakana inaendelea vizuri.

Kisha Ta akaugua, na hakukaa muda mrefu.

Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa, na mali ya marehemu ikasomwa. Kibanja na mipaka yake. Ng'ombe wawili. Baiskeli. Mashine moja ya kuchomelea.

Nilikuwepo. Mwenyekiti wa kikundi akanitazama, mimi nikatazama chini. Nani anasimama kwenye matanga kudai mashine mbele ya mjane? Tulinyamaza, na kwa kunyamaza kwetu tukawa kama tumekubali.

Wiki mbili baadaye tulikwenda kwa adabu, watu wanne. Mtoto mkubwa wa marehemu, anayeishi Mwanza, alitupokea vizuri, tukaletewa kahawa ya kutafuna. Aliposikia shida yetu, alisema, "Shikamoo zenu wazee wangu. Sikatai. Bwana shamba, nionyeshe maandishi." Nikatoa katiba. Akasoma taratibu, kidole kikitembea juu ya mstari. "Mali za kikundi zitakuwa chini ya mweka hazina. Mweka hazina ni baba. Na risiti za waya ziko hapa, jina ni la baba. Za LUKU mama anazo kwenye kopo. Ninyi mna karatasi gani?"

Hatukuwa na karatasi. Hata orodha ya vifaa yenye namba za mashine hatukuwa nayo. Na kijana yule hakuwa mwizi. Kwa alichokiona, alikuwa na haki kuliko sisi.

Wenzangu wawili walitaka twende baraza la kata. Mama mmoja mwanachama ndiye aliyetuokoa. Alisema, "Kabla ya kudai mashine, tulipe deni." Tukaketi na mjane, tukafungua lile kopo, tukajumlisha risiti moja moja. Zile ambazo wino ulikuwa umefutika tulikadiria, na kila mara tulikadiria kwa upande wa mama. Kikundi kililipa kwa awamu, karibu mwaka mzima. Mashine ilirudi siku ya awamu ya kwanza, kwa hiari ya familia.

Ndipo tukaanza kuandika kanuni upya. Ilichukua mikutano mitatu, na wa pili ulivunjika kwa kelele.

Kelele zilitoka kwenye mgao. Baadhi walisema, "Kama hatugawani, tunafanyia nini kazi?" Hapa ndipo vikundi vingi vinapojichanganya, hasa tangu mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri iliporudi mwaka 2024. Kikundi cha mkopo ni cha biashara. Kinachopatikana, baada ya marejesho, ni cha wanachama wake, na hakuna ubaya. Mkitaka hivyo, andikeni hivyo, au undeni ushirika au kampuni. Lakini karakana ya jamii, ile inayopokea msaada kwa jina la kijiji, haigawani. Hata mkikua mkasajiliwa kama shirika chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, msingi ni huo huo: ziada inarudi kwenye kazi. Kumlipa fundi kwa siku aliyofundisha si mgao, ni ujira. Kumrudishia mtu nauli aliyokwenda nayo Bukoba kununua diski za grainda si mgao pia. Mgao ni kupokea kwa sababu tu wewe ni mwanachama. Nilipoeleza hivyo kelele zilipungua, ingawa wanachama wawili walijitoa. Tuliagana kwa amani, na hawakuondoka na kitu, kwa sababu hapakuwa na hisa.

Swali la nani mwenye mali lilitumia muda mrefu zaidi. Wapo waliotaka vifaa viwe vya halmashauri ya kijiji, ambayo kisheria inaweza kumiliki mali kwa jina lake. Hoja nzuri, ila wengine waliogopa uchaguzi ukipita waje viongozi wenye matumizi mengine ya jenereta. Tukakubaliana kwamba mali ni ya kikundi kwa jina lake. Hakuna kitu kinacholala nyumbani kwa kiongozi hata usiku mmoja. Na orodha yenye namba za mashine ina nakala tatu: moja karakana, moja kwa mtendaji wa kijiji, moja kwa afisa maendeleo ya jamii. Akifariki mtu, orodha inapelekwa kwa familia kabla ya mazishi kwisha, na wanaoipeleka ni wanawake wawili wa kikundi, kimya kimya. Kifungu hicho hamtakipata kwenye katiba yoyote ya kunakili.

Je, kikundi kikifa? Vijana waliona ni uchuro kuuliza. Wazee hawakuona hivyo. Walikumbuka mwaka 1976, serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na kazi na mali zake zikahamia kwenye mamlaka za mazao na vyombo vingine vya umma. Ushirika uliruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982. Mzee mmoja alisema, "Ghala unaliona, ufunguo huna." Tukaandika: kikundi kikivunjika, madeni yanalipwa kwanza, na kinachobaki kinakwenda kwa chombo kingine kisichogawana faida kinachofundisha ufundi, kitakachochaguliwa na mkutano mkuu wa kijiji. Hakiendi kwa mwanachama, hata kwa kununua kwa bei ya chini. Neno hilo la "hata kwa kununua" aliliongeza muuza ndizi mmoja anayezijua mbinu za minada.

Umeme ulikuwa rahisi. Karakana sasa ina mita yake, na anayechomelea anaandika usomaji kabla na baada, analipa uniti alizotumia. Nawaambia, daftari la LUKU limezuia ugomvi mwingi kuliko kifungu chochote.

Funguo ni mbili, na wenye funguo si ndugu wala mke na mume. Kiongozi haazimi kifaa kwenda nacho nje bila sahihi ya mwingine. Anakaa miaka miwili, anaweza kurudi mara moja tu. Akidi ni zaidi ya nusu, na muhtasari unasomwa hapo hapo kabla watu hawajaondoka, maana muhtasari unaoandikwa nyumbani huwa na maneno ambayo hayakusemwa.

Kuna kanuni moja nilishindwa kabisa kuwaachia wenyewe, kwa sababu ni ya kazi yangu. Karakana inanoa mapanga. Panga linalotoka kwenye kibanja chenye mnyauko wa migomba linaweza kubeba bakteria hadi kwenye jiwe la kunolea, na kutoka pale hadi kwenye panga la jirani. Mnyauko umetutesa Kagera tangu katikati ya miaka ya 2000, tunajua unavyomaliza shamba. Nilitaka kila panga lipite motoni. Fundi akanipinga, akasema moto mkali unaharibu makali, chuma kinakuwa laini. Alikuwa sahihi. Tukaafikiana: linaoshwa udongo na utomvu, linaingizwa kwenye jiki, sehemu 1 kwa 5 za maji, linasuuzwa, linafutwa, linapakwa mafuta kidogo lisishike kutu, na jiwe nalo linapitishiwa jiki. Asiyetaka kusubiri aende akanoe kwake.

Kuhusu anayevunja kifaa: aliyevunja akifanya kazi alivyofundishwa, sanduku linalipa. Aliyetumia bila kufundishwa, au bila miwani, analipa mwenyewe. Hii ilipita bila mjadala.

Basi ndiyo maana situmi katiba. Badala yake nina maswali 11 yaliyoandikwa kwa mkono. Kikundi kinakaa, kinajibu, mmoja anaandika, halafu tunayapanga pamoja kuwa vifungu. Swali la kwanza ni hili: aliyehifadhi mashine akifariki usiku wa leo, asubuhi mtamwonyesha nini mtoto wake? Wenye kutaka maswali yote waje ofisini Jumatano, siku ya gulio, angalau watu watano pamoja, na waje na daftari. Mjane wa Ta naye huwa yupo siku hiyo. Yeye sasa ndiye anayetunza daftari la LUKU la karakana, na huwa anakuja na lile kopo.