Kiwanja cha Kuazima

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wasomaji wa gazeti letu, hapana shaka mmekwisha kuona wenyewe, au kusikia kwa watoto wenu, kwamba tangu mwezi wa Februari kiwanja cha mpira cha shule yetu hakichezewi. Upande wa mabweni pamemwagwa kokoto na mchanga, na mbele ya goli la mashariki yamepangwa matofali ya maabara mpya. Maabara tunaishukuru sana. Walakini timu haiwezi kucheza juu ya matofali, na kwa sababu hiyo tumepewa ruhusa ya kutumia kiwanja cha shule ya msingi iliyoko bondeni, mwendo wa dakika 40 kwa miguu, katikati ya mashamba ya chai. Habari za wachezaji mtazisoma katika ukurasa wa michezo. Mimi nataka kueleza habari za sisi watazamaji, maana ndio tulio wengi, nami ndiye mpiga debe wetu. Nasema debe la bati, si kazi ya stendi.

Mtu asiyepata kukaa shule ya bweni aweza kudhani kwamba kiwanja ni majani na milingoti ya magoli basi. Sivyo. Katika kiwanja chetu Kidato cha Nne husimama chini ya mkaratusi mkubwa. Kidato cha Kwanza hukaa juu ya ukingo wa udongo, mahali ambapo upepo wa Mlima Rungwe huwafikia wao kwanza. Walimu huletewa benchi. Karibu na lango huketi mama mmoja mwenye jiko la mkaa, anayechoma ndizi na kuuza karanga. Na mpishi wetu hutazama kutoka mlangoni mwa jiko la shule, mwiko mkononi, kwa sababu hawezi kuiacha sufuria ya maharage. Kutoka pale aliona goli moja tu, lakini kwa kusikiliza kelele zetu aliweza kutaja matokeo ya goli la pili bila ya kukosea. Hakuna aliyeyapanga mambo hayo wala hayakuandikwa mahali po pote. Mgeni wa Kidato cha Kwanza huelekezwa mahali pake pa kusimama kabla hajaijua vizuri ratiba ya masomo.

Sasa fikirini watu hao, zaidi ya mia, wanateremka bondeni mwezi wa Machi. Mvua ya Tukuyu haihitaji kuelezwa kwa wanaoishi huku, lakini kwa ajili ya wazazi walioko Dodoma na Shinyanga nitasema kwamba ilianza tulipotoka langoni na ilikuwa bado inanyesha tuliporudi. Tulipofika hakuna aliyejua pa kusimama. Kidato cha Kwanza wakauwahi mti pekee uliokuwapo, na sisi wakubwa tukabaki mvuani tukitazamana. Watoto wa kijijini walikuwa wamekwisha kaa kwenye mstari, kama mbayuwayu juu ya waya, na akina mama walikuja na miavuli.

Mara tukagundua jambo. Golikipa wa timu ngeni alikuwa mtoto wa kijiji kile kile! Alisoma katika shule ile ya msingi, na mama yake alikuwapo pamoja na wadogo zake. Kila alipodaka mpira vilipigwa vigelegele. Alipouokoa mpira wa penalti wa nahodha wetu, watoto waliingia kiwanjani kumkumbatia, na refarii akapata taabu kubwa kuwatoa. Katika karatasi ya mashindano sisi ndio tulioandikwa kuwa wenyeji. Nilipiga debe mpaka mkono ukafa ganzi, wala sikusikika. Tulifungwa mabao mawili kwa moja.

Njiani wakati wa kurudi wenzangu walianza kusema kwamba kiwanja kile kina mkosi. Neno hilo si geni bwenini kwetu. Wapenzi wa Yanga walilitumia sana mwezi wa Novemba 2024, wakati timu yao ilipokuwa ikitumia Uwanja wa Azam kule Chamazi kuwa nyumbani kwa mechi za ligi. Tarehe 2 walifungwa na Azam bao moja kwa bila. Tarehe 7 wakafungwa na Tabora United mabao matatu kwa moja. Baada ya hapo Yanga wakahamia uwanja wa KMC, Mwenge, na wapenzi wao wakasema wameukimbia mkosi. Mimi si mpenzi wa Yanga, kwa hiyo msiniamini sana, lakini katika ile mechi ya kwanza naona kulikuwa na jambo lililo wazi kuliko mkosi. Yanga walimkaribisha Azam katika nyumba ya Azam mwenyewe! Mgeni alikuwa anajua kila kona, na mwenyeji ndiye aliyeazima. Ndivyo tulivyofanyiwa na yule golikipa.

Upande wa Simba, ambao ndio wangu, mambo yalikuwa mazito zaidi. Mwaka 2025 Simba walifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Walifungwa mabao mawili kwa bila kule Berkane, Morocco, tarehe 17 Mei, na sote tulitumaini kwamba marudiano yatakuwa katika Uwanja wa Mkapa, wenye nafasi ya watu 60,000. Lakini hali ya kiwanja cha Mkapa haikuwaridhisha wakubwa wa mpira wa Afrika, na mechi ikapelekwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar, unaochukua watu wapatao 15,000. Ni kweli kwamba Amaan hapakuwa pageni kabisa, maana mwezi wa Aprili Simba waliwafunga Stellenbosch wa Afrika ya Kusini hapo hapo, bao moja kwa bila. Hata hivyo mshabiki wa Dar es Salaam aliyezoea kupanda daladala mpaka getini ilimpasa sasa avuke bahari.

Tarehe 25 Mei tuliisikiliza mechi hiyo kwa redio katika bwalo, kwa idhini ya mwalimu wa zamu. Mutale alifunga katika dakika ya 17, na meza zikapigwa hata vikombe vikaanguka. Kipindi cha pili Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu, bao la Mukwala likakataliwa, na katika dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha. Kombe likaenda Morocco. Usiku ule mabishano yetu yalikuwa juu ya jambo moja tu, kwamba je, watu 60,000 wangalileta yale mabao mawili yaliyopungua? Wengine walisema ndiyo, wengine walisema kelele hazifungi. Mimi niliwafikiria wale walioizoea Mkapa na hawakupata nauli ya boti. Wao walikuwa kama sisi wa Tukuyu, wakisikiliza redio, ijapokuwa timu yao ilisemekana kuwa iko nyumbani.

Narudi bondeni. Katika mechi ya pili mpira uliingia katika chai iliyo nyuma ya goli, na wenzetu watano wakaruka ndani kuufuata. Mwenye shamba, mzee wa makamo ya babu yangu, akaja na fimbo yake. Tulidhani atatupiga. Alitusalimu kwanza, akangoja tumwamkie, kisha akatueleza kwa upole kwamba chai ile ndiyo inayomlipia mjukuu wake masomo, na tawi likivunjika halirudi kwa kuomba radhi. Baadaye aliketi nasi. Alituuliza kama tunawajua Tukuyu Stars, wale Banyambala, yaani wanaume kwa Kinyakyusa, waliopanda ligi kuu na kuutwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, msimu wao wa kwanza. Tulijibu kwamba tunawajua kwa kusikia. Yeye aliwajua kwa macho, kwa kuwa alipanda lori la ndizi mpaka Mbeya, kilomita 70 hivi, ili awaone wakicheza. Akasema kwamba huko Mbeya walipofika walitafuta kwanza watu wa kuwasalimu, ndipo wakatafuta pa kusimama. Sisi tulikuwa tumekuja mara mbili kijijini kwake, na mpaka siku ile hakuna aliyetupeleka kwa mtu ye yote.

Basi nahodha na mimi tulikwenda kwa mwalimu wa michezo. Tangu wiki ile, kila Ijumaa baada ya masomo, vijana kumi huteremka na majembe. Tumechimba mifereji pande mbili za kiwanja, maana maji yalikuwa yakituama katikati, na tumeyafukia mashimo ya fuko. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ametuonyesha pa kusimama bila ya kuwazuia watoto wake. Mpira ukiingia katika chai, mtu wetu haruhusiwi kuufuata. Watoto wa kijijini ndio wanaoufuata, kwa sababu wanazijua njia za wachumaji na hawavunji hata jani.

Watoto hao walijifunza pia wimbo wetu. Siku moja nilipoanza kupiga debe wakaupokea, sauti nyembamba zaidi ya hamsini, lakini mahali pa jina la shule yetu wakatia jina la kijiji chao. Kiranja mmoja alitaka wasahihishwe. Nilikataa, na bado nakataa. Aliyetupa kiwanja anayo haki ya kutajwa katika wimbo, na isitoshe jina la kijiji chao linaingia vizuri zaidi kuliko letu katika mapigo ya debe. Sasa sisi huimba letu, wao huimba lao, kwa pamoja, na timu zinazokuja huuliza ni shule gani hasa zinacheza nayo. Katika mechi nne za mwisho tumeshinda tatu.

Hata hivyo msidhani kwamba tumevipata vyote. Mama wa ndizi hawezi kulibeba jiko lake mpaka bondeni na kulipandisha tena, na aliniambia kwamba Jumamosi zake zimekuwa sawa na Jumatatu. Mpishi wetu hajaona mpira tangu Februari. Tukirudi jioni hutungoja mlangoni na kuuliza bao liliingiaje, mpira ulitoka upande gani, nani alisimama wapi. Tunamsimulia kwa zamu. Yeye hutikisa kichwa kama mtu anayesomewa barua ya ndugu yake.

Maabara itakapokwisha na kiwanja kusafishwa, sisi Kidato cha Nne tutakuwa tumekwisha fanya mtihani wetu wa Novemba na kwenda zetu. Mkaratusi utakuwa wa wengine. Kamati ya michezo inazungumza sasa juu ya mwaka ujao, na wengi wanataka mechi zote zirudi juu mara moja. Mimi nimependekeza kwamba mechi moja kila muhula ibaki bondeni, kwa kuwa watoto wamekwisha kumwuliza nahodha kama tutaondoka kabisa, naye hakuwa na la kuwajibu. Shauri hilo halijaamuliwa.

Mechi yetu ya mwisho ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Agosti, saa tisa na nusu alasiri. Wazazi watakaoweza kufika tunawakaribisha. Baada ya kisima shikeni njia ya kushoto, na tafadhali msikanyage chai.