Kadi Sita

Tanga, 20 Februari 2022

Mpwa wangu,

Presha ya mama yako imetulia, na machungwa ya Muheza yameshauzwa, kama ujuavyo.

Fedha za machungwa hayo ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Nimesikia kwa watu wawili wasiojuana kwamba ziko kwako Dar, na kwamba umeshaongea na mtu wa Kariakoo akuuzie kadi sita za grafiki, moja ya kuchezea gemu na tano za kuchimbia sarafu. Kama ni uongo, niambie leo nipate kulala. Sikupiga simu kwa sababu kwenye simu unasema "sawa mjomba", kisha unaendelea na lako.

Nimeambiwa ni RX 580 za GB 4, na kwamba bei ni ya kutupa. Mwanangu, bei ni ya kutupa kwa sababu hazichimbi. Ili kadi ichimbe sarafu ya Ethereum ni lazima ibebe faili moja kubwa kwenye kumbukumbu yake, na faili hilo hukua mwaka hadi mwaka. Tangu Desemba 2020 limepita GB 4. Anayekuuzia anajua. Uchina ilipopiga marufuku uchimbaji mwaka jana, kadi zilizochoka zilimwagwa sokoni, na kila iliyochoka inatafuta mtu ambaye hajaambiwa.

Mwaka 1983 mtu huyo nilikuwa mimi. Ulikuwa hujazaliwa, na mama yako hajakusimulia kwa kunisitiri. Nchi ilikuwa kavu, sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na Waziri Mkuu Sokoine anawasaka walanguzi. Mimi nilikuwa fundi, na nusu ya redio za Ngamiani zilipita mikononi mwangu. Hilo hakuna anayelibisha. Vikundi vya taarabu vilinililia vipuri vya amplifaya, hasa transista za 2N3055, zile za kopo la chuma. Hazikuwepo popote. Usiku mmoja akaja mtu na transista thelathini ndani ya sufuria ya wali. Bei yake ilikuwa mara nne ya bei niliyoijua. Nikajiambia kwamba kwenye uhaba hakuna ghali, nitauza kwa mara sita. Fedha sikuwa nazo. Nikamwendea bibi yako, naye akavua bangili yake ya dhahabu mkononi, hakuuliza swali hata moja.

Nilifunga mbili kwenye amplifaya ya harusi. Bibi harusi hajatoka ndani, moshi ukapanda, sauti ikakatika, na mwimbaji akabaki anapanua kinywa mbele ya watu. Asubuhi nikachukua msumeno wa chuma nikalikata kopo moja. Ndani kulikuwa na kipande kidogo kama punje ya mchele, kitu cha redio ya mkononi. Walikwangua jina la zamani wakapiga muhuri wa 2N3055. Marehemu baba yako, ambaye nilikuwa nimemtengenezea redio mara tatu bila kumtoza hata senti, alinicheka barazani mbele ya watu. Sijasahau. Nilibakiwa na chache zilizokuwa nzima, nikazificha nikingoja bei ipande zaidi. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni alete bidhaa, na vipuri vikajaa madukani. Zile nzima nazo zikawa hazina bei. Bangili haikurudi, na bibi yako alikufa na mkono mtupu.

Sasa nakuona wewe na kadi sita. Muhuri wa uongo upo mpaka leo: wanachukua GTX 550 Ti ya mwaka 2011, wanabadilisha programu iliyo ndani yake, kompyuta inaisoma kuwa ni 1050 Ti. Kuna programu ya bure, GPU-Z, inayoumbua hila hiyo. Na kuporomoka kwa bei kupo pia. Waundaji wa Ethereum wenyewe walizindua mnyororo, yaani blockchain, usiohitaji uchimbaji tarehe 1 Desemba 2020, na wanasema mnyororo mkuu utahamia huko. Siku ukihama, kadi za wachimbaji dunia nzima zitakuja sokoni kwa pamoja, na zako zikiwamo.

Umeme umeupigia hesabu? Kadi sita za wati 120 zikiwaka usiku na mchana hula uniti 17 kwa siku, zaidi ya 500 kwa mwezi. Kwa LUKU ya elfu kumi uniti 28, hiyo ni zaidi ya laki moja na themanini, na mwenye nyumba wako atakutoa kabla mwezi haujaisha. Utaniambia Rais Samia aliiambia Benki Kuu Juni mwaka jana ijiandae na sarafu hizi. Kujiandaa si kuruhusu, na tangazo la benki la Novemba 2019 la kuzikataza sijasikia limefutwa.

Gemu sikukatazi. Ujana una haki yake. Lakini usikimbilie ile RX 6500 XT iliyotoka mwezi uliopita kwa sababu tu wametangaza dola 199. Ina njia nne tu za kupitishia data, na njia za madabodi yako ni za kizazi cha tatu, itabanwa. Ile 1050 Ti ilitoka mwaka 2016 kwa dola 139, leo wanaiuza ghali kuliko ilivyokuwa mpya, iache. Bora prosesa kama Ryzen 5 5600G, ambayo grafiki imo ndani yake. Utacheza kwa picha za wastani huku walanguzi wakichoka.

Pawa sapulai usinunue ya bei rahisi. Usilipe kwa simu kitu ambacho hujakiona kikiwaka nusu saa. Rafiki anayekuhimiza, muulize yeye ameweka kiasi gani.

Mama yako hajui kwamba nimeandika. Anasema umechukua fedha za ada, nami sikumrekebisha.

Jumamosi nitapanda basi la alfajiri. Nitakuja na bisibisi na mita yangu, twende wote Kariakoo, na kama mtu huyo ni mkweli hatakataa nifungue kadi moja mbele yake. Mpaka nifike, fedha zikae zilipo.

Mjomba wako